Umri wa Marehemu

Dada yangu alikuwa ameshazikwa wiki kadhaa nilipomwona tena. Ilikuwa mchana, jua kali, nami nilikuwa kwenye stoo ya mashuka ya hoteli ninayofanyia kazi Mikumi, kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa. Nilikuwa nimeketi juu ya furushi la taulo, natafuna karanga, simu mkononi. Nje malori yalipita kama kawaida na mtu wa bustani alikuwa akiwafukuza nyani kwenye mapipa ya taka. Nikafungua kile chumba cha mtandaoni cha wagonjwa wa moyo na wanaowauguza, chumba ambacho mimi na dada tulikuwa tukiingia. Pembeni ya jina alilokuwa akilitumia mle ndani, palikuwa pamewaka kitone cha kijani. Kitone hicho maana yake mwenye jina ameingia, yupo, anasoma.

Kisha likatokea neno moja chini ya jina lake: "Nipo."

Sikupiga kelele. Nakumbuka niliendelea kutafuna ile karanga mpaka ikawa uji mdomoni, nikashindwa kuimeza. Joto la stoo ile lilikuwa la pasi na sabuni, lakini mikono yangu ilikuwa ya baridi kama ya mtu aliyetoka kufua alfajiri. Kitone kikazimika. Watu wa chumbani wakaanza kumiminika: Mungu mkubwa, tulishakulilia, ulikuwa wapi, usitufanyie hivyo tena.

Nieleze kwanza dada alikuwa nani.

Alinizidi miaka minane, na kwa sababu hiyo alikuwa nusu dada, nusu mama. Asili yetu ni milimani, watu wa kanisani na mashamba ya mteremko, lakini baba alishuka Kilosa mjini kutafuta kazi na huko ndiko tulikokulia. Dada alikuwa fundi cherehani. Alishonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, mgongo ukiwa umeelekea mlangoni ili mwanga wa dirisha uangukie kitambaa. Mume wake alihamia Dodoma akapata familia nyingine, naye akabaki na binti yao mmoja na mama yetu mzee, ambaye macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu.

Moyo wake ulipopanuka, hakutaka mji ujue. Kilosa ukionekana asubuhi kwenye dirisha la dawa, jioni mtu wa kijiji cha Masanze usiyemjua anakuuliza unaendeleaje. Dada alikuwa akisema, akicheka kwa pumzi fupi aliyokuwa nayo siku hizo, "Nani atamwachia kitambaa cha harusi fundi ambaye huenda asiifikie hiyo harusi?"

Ndiyo maana alikipenda kile chumba. Kilikuwa cha watu wazima peke yao, kwa sababu mle watu walizungumza bila kuficha: habari za kitandani na mume, habari za kukojoa kila mara kwa ajili ya vidonge, habari za namna ya kumwandaa mtoto kwa kifo chako. Siku aliponiingiza na mimi, tulikuwa tumekaa kwenye meza yake ya kukatia nguo, na nilikuwa na wasiwasi waliponidai kitambulisho cha taifa.

"Unaonyesha mara moja tu," aliniambia. "Kitambulisho na uso wako. Wale wa kuthibitisha umri wakisharidhika, wanafuta picha, wanakuachia ufunguo wa siri ndani ya simu. Kuanzia hapo, mlango wowote wa mtandaoni ukiuliza kama wewe ni mtu mzima, unaweka kidole kwenye simu, ufunguo unajibu ndiyo. Hautaji jina. Hautaji mwaka uliozaliwa. Hausemi hata kama unatoka Kilosa."

"Na wenye chumba je? Si watanijua?"

"Wanajua tu kwamba aliyeingia leo ni yuleyule wa jana, na kwamba si mtoto." Akanionyesha mgongo wa mkono wake. "Unaukumbuka ule muhuri tuliokuwa tunapigwa mlangoni nilipokuwa nakupeleka dansini? Ukishapigwa, unatoka na kuingia, hakuna anayekuuliza wewe ni binti wa nani. Ndiyo hivyo hivyo."

Mle ndani alijiita Sindano. Mimi, kwa kukosa la kufikiri, nilijiita Shuka. Tulikubaliana tusionyeshe kwamba ni ndugu. "Ukijulikana ni mdogo wangu, wataanza kunitumia salamu zako, na mimi nataka pa kusemea mambo ambayo hutaki kuyasikia," alisema. Basi nikawa nasoma tu, siandiki.

Kulikuwa na desturi mle ndani. Kila siku, wakati wowote unaojaliwa, uliandika neno moja: Nipo. Usipoandika, watu walianza kukuulizia. Ukikaa kimya sana, walikuombea kila mtu kwa dini yake, bila jina, kwa lile jina la chumbani.

Mwishoni dada alivimba. Miguu kwanza, kisha mikono, na vidole vyake vya ufundi vikawa vinene, ngozi inang'aa. Alifariki nyumbani, mchana, kichwa kikiwa kwenye mapaja ya mama. Mimi nilifika nikiwa nimechelewa, lakini nilimwosha mwenyewe pamoja na kina mama wa kanisani. Nasema hivi ili ieleweke kwamba sikuhadithiwa. Nilimwosha vidole kimoja kimoja. Baada ya mazishi mama alinikabidhi simu yake, nikaifunga kwenye kipande cha kitenge, nikaenda nayo Mikumi na kuiweka kwenye droo chini ya nguo zangu.

Kule chumbani sikutoa taarifa. Niliwaza kwamba ukimya wenyewe utawaambia. Waliuliza, wakaomba, na baadaye wakanyamaza. Mzee mmoja aliyejiita Jembe, aliyekuwa akisubiri kupasuliwa moyo na kuogopa mno, ndiye aliyeendelea kumuulizia. Dada alikuwa akimsukuma kila siku ameze dawa. Siku moja mzee huyo aliandika kwamba haoni tena sababu ya kumeza chochote, kama Sindano mwenyewe aliyekuwa hodari hivyo ameshindwa.

Siku iliyofuata ndipo kitone kilipowaka.

Jioni ile niliporudi chumbani kwangu, kitu cha kwanza nilifungua droo. Simu ilikuwa palepale, ndani ya kitenge, betri imekufa kabisa. Niliishika kwa muda. Hata kama ingekuwa na chaji, nilijua haifunguki bila kidole chake, na kidole chake nilijua kiko wapi.

Nikamwandikia msimamizi wa chumba, kwa faragha. Nilimwambia kwamba anayeitwa Sindano amefariki na kuna mtu anaandika kwa jina lake.

Alijibu kwa upole, "Pole kama umefiwa. Lakini unajuaje kwamba mtu wako ndiye huyu wa humu? Sisi wenyewe hatujui jina la yeyote."

"Ni dada yangu. Nilimwosha."

Akarudi na jibu. "Nimeangalia. Ufunguo uliofungua mlango leo ni uleule wa siku zote. Si mwingine aliyejipachika jina lake. Mlango umeuliza kama ni mtu mzima, ufunguo umejibu ndiyo. Zaidi ya hapo sina ninachokiona. Tulikitengeneza chumba hivi makusudi."

Nilisoma ujumbe huo mara nyingi. Ufunguo uleule. Mtu mzima, ndiyo.

Siku zilizofuata nilifanya kazi kama mtu anayetembea ndani ya maji. Nilipokuwa nikitandika vitanda vya wageni, simu yangu ilitetemeka mfukoni, na nilijua kabla ya kuangalia. Sindano aliandika kila siku. Aliandika kama dada alivyokuwa akiandika, sentensi fupi, bila alama, na kumwita kila mtu "mwenzangu."

"Leo nimeshona mikono imenyooka."

"Mwenzangu Jembe umemeza ukimeza niambie."

"Mama haoni vizuri lakini sauti yangu anaijua."

Na siku nyingine, wakati nafunga pazia la chumba cha mgeni na mbuga yote ya manjano imelala dirishani, akaandika, "Mdogo wangu hajaja nyumbani tangu msiba."

Mtu mmoja akauliza, "Msiba gani tena, Sindano? Umefiwa na nani?"

Hakujibu. Kitone kilibaki kimewaka kwa muda mrefu, kisha kikazimika.

Sikuamini mizuka wakati ule, na siamini sasa. Lakini kutoamini hakusaidii kitu pale mtu uliyemwosha anapolalamika kwamba humtembelei. Niliomba ruhusa kazini, nikapanda gari la asubuhi linalopitia Ulaya, ile Ulaya ya kwetu yenye mahindi na mbuzi, nikaenda Kilosa. Njia nzima sikuifungua simu.

Nilifika mchana watu wamejifungia ndani kwa joto. Njia ya kwetu ilikuwa tupu. Na kabla sijaiona nyumba nilisikia cherehani.

Kila fundi ana mwendo wake. Dada alikanyaga mara tatu haraka, akapumzika, kisha akakanyaga moja ndefu mpaka mwisho wa pindo. Nilikua nikisinzia kwa mwendo huo. Ndio huohuo uliokuwa ukitoka dirishani. Nikasimama njiani na begi langu, na kusema kweli niliwaza kugeuza. Cherehani ikapumzika. Kisha ikaenda ile moja ndefu.

Mama alikuwa kibarazani kwenye kiti chake, uso ameuinua kama wanavyofanya watu wanaosikia zaidi ya kuona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ni wewe? Umekonda, nasikia kwenye sauti." Akanishika mkono, akaupapasa mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa na furaha, na furaha hiyo ndiyo iliyonitisha. Msibani nilikuwa nimemwacha mwanamke aliyevunjika. "Umefanya vizuri kuja. Dada yako aliumwa sana, tulidhani tutampoteza. Sasa amepata nafuu, si unamsikia? Anashona."

Mama alinivuta mkono mpaka mlangoni mwa chumba cha mbele, akishika ukuta kwa mkono wake mwingine.

Ndani, mgongo ukiwa umetuelekea, alikuwa ameketi mwanamke aliyevaa gauni la dada, lile la maua ya zambarau lililotoboka kwapani. Kilemba cha dada. Bega la kushoto chini kidogo kuliko la kulia, kama la dada. Mwanga wa dirisha ulikuwa ukimwangukia mikononi. Hakugeuka. Alisimamisha gurudumu kwa kiganja, akasubiri.

"Mdogo wako amekuja," mama alimwambia.

"Nimemsikia," ilijibu sauti ya dada.

Nilielewa ni nani. Akili ilielewa palepale, kwa sababu shingo ile ilikuwa nyembamba mno, ya mtoto. Alikuwa binti wa dada, mtoto wa kidato cha pili, na huyo binti hajawahi maishani mwake kuniona bila kuinuka na kunipa shikamoo yangu. Nilisimama nikiisubiri. Haikuja. Dada mkubwa hamwamkii mdogo wake.

"Mbona humsalimii dada yako?" mama akaniuliza, na mkono wake ukanikaza. "Mmegombana?"

Mabega ya yule mtoto yalikuwa yakitetemeka kidogo chini ya gauni. Mama alikuwa ameinua uso, anasikiliza. Nilijua kwamba neno lolote nitakalolisema litaangusha kitu katika nyumba ile, na sikujua kitamwangukia nani.

"Shikamoo dada," nikasema.

"Marahaba," akajibu.

Mama akashusha pumzi, akaachia mkono wangu, akarudi kibarazani ameridhika. Mimi nilibaki mlangoni. Nimeamkia watu wengi maishani, wengine nisiowaheshimu, lakini hakuna salamu iliyonitoka kama ile.

Binti aligeuka ndipo nikamwona uso. Alikuwa analia bila sauti, kwa ufundi, kama mtu aliyejifunza kulia karibu na anayesikia sana. Aliinuka, akapita mbele yangu, nami nikamfuata hadi nyuma ya nyumba kwenye bomba la maji. Hapo alipiga magoti kidogo.

"Shikamoo mama mdogo," alinong'ona.

Sikuitikia. Nilimkumbatia, na lile gauni lilikuwa bado linanuka dada.

Alinieleza tukiwa tumekaa kwenye ndoo zilizogeuzwa, maji yakiwa yamefunguliwa kwenye ndoo nyingine ili bibi asisikie. Baada ya mimi kuondoka msibani, bibi alianza kumwita kwa jina la mama yake. Mara ya kwanza alimsahihisha. "Nikamwambia, bibi, mama amefariki, tumemzika. Akalia kama ndiyo kwanza anaambiwa. Akajigaragaza pale chini, mama mdogo. Kesho yake akaniita tena vilevile, nikamwambia tena, akalia tena. Siku ya tatu nikaitika."

"Ukaitika tu?"

"Nikasema abee mama. Akaomba maji. Akanywa. Siku hiyo hakulia."

Na ukishaitika mara moja, alisema, huwezi kuacha. Bibi alimuuliza mbona hashoni, akashona. Bibi alimpapasa nguo, akavaa gauni. Shuleni alienda siku zingine, siku zingine hakwenda.

"Na kule mtandaoni?"

Aliinamisha kichwa. Simu anayoitumia yeye ni ya zamani ya mama yake, yenye kioo kilichopasuka, na haikuwahi kutolewa kwenye akaunti ya mama yake. Ufunguo wa siri ulikuwa umejinakili humo wenyewe, kama zinavyojinakili picha. Vidole vya dada vilipovimba mpaka simu yake ikakataa kuvitambua, walitumia hiyo ya binti. Dada alisema maneno, mtoto aliandika, na mlangoni waliweka kidole cha mtoto.

"Ile simu ilijua kidole changu," alisema. "Kwa hiyo mlango ukiuliza kama ni mtu mzima, mimi naweka kidole, ufunguo unajibu ndiyo. Haujui ni cha nani. Mama alicheka sana siku ya kwanza. Alisema umekua ghafla."

"Na baada ya mazishi?"

"Niliingia kusoma tu. Nilitaka kuwaaga. Nikamkuta yule mzee anasema haoni sababu ya dawa." Alifuta pua kwa mkono wa gauni. "Kama bibi ananywa maji nikiitika, nikasema labda na yeye atameza. Na alimeza, mama mdogo. Siku hiyohiyo alimeza."

Alikuwa na umri ambao mimi nilikuwa bado nacheza rede. Alikuwa amesoma mle ndani watu wakielezea pumzi zao za mwisho, wake zao wakiulizana kuhusu sanda, na akawajibu wote kwa sauti ya mama yake, kisha akaenda kumkorogea bibi uji. Nikamuuliza kama ule ufunguo aliutumia pengine popote.

Alikunja pindo la gauni. "Nilijaribu milango mingine. Ya kamari. Ya wanaotafuta wachumba. Ya kuuza pombe. Kote walinikaribisha. Sikuingia ndani, nakuapia. Nilikuwa nasimama tu mlangoni."

"Sasa ulikuwa unatafuta nini?"

"Nilitaka kuona kama wote bado wanamkubali kwamba yupo."

Maji yalikuwa yamejaa ndoo na yanatiririka miguuni mwetu. Nikafunga bomba.

Nilimwambia kwamba siku ile itakuwa mwisho. Alitaka aandike mwenyewe kuwaaga, nikakataa. "Chumba kile ni cha watu wazima. Wameongea mbele yako bila kujua. Atakayewaambia ni mimi." Hakubisha. Nadhani alikuwa akisubiri mtu mzima yeyote aje amkataze kitu.

Niliweka kidole changu, kwa mara ya kwanza nikaandika katika chumba kile. Niliandika kwamba mimi ni mdogo wake Sindano, kwamba alifariki na nilimwosha, na kwamba tangu siku ile aliyekuwa akiandika ni mtoto wake, ambaye hakuwa na nia mbaya. Vitone vya kijani vilikuwa vingi, lakini hakuna aliyeandika chochote. Ni kama unapoingia na habari mbaya kwenye nyumba yenye kelele. Kisha mwanamke mmoja akaandika, "Kwa hiyo jana nilikuwa namweleza nani habari za mume wangu?" Akatoka, na sijawahi kumwona tena. Wengine waliomba. Wengine walikasirika, na walikuwa na haki.

Msimamizi aliniandikia faraghani. Nilimuuliza kama anaweza kuufuta ule ufunguo. Alisema anaweza kulifunga jina la Sindano mle chumbani, basi. Ufunguo wenyewe hauko kwake.

"Je, wale walioutoa? Nina cheti cha kifo."

"Cheti kina jina. Wao hawana jina. Walilifuta siku walipomthibitisha. Hata wakikuamini, hawatajua ni ufunguo upi kati ya yote." Kisha akaongeza, "Msipoufuta wenyewe, utaendelea kujibu ndiyo."

Nilimsomea binti maneno hayo. Tulikaa na simu katikati yetu, ile yenye kioo kilichopasuka. Nilifikiri kwamba serikali imeshaandika kifo chake, kanisa limeandika, benki imefunga akaunti yake, na bado kulikuwa na kitu kidogo mle ndani ambacho kingeapa mbele ya mlango wowote duniani kwamba mwenye ufunguo ni mtu mzima, na kila siku kingekuwa kinasema kweli, maana marehemu harudi kuwa mtoto.

Binti alitafuta sehemu ya kufuta. Simu ikamwonya kwamba ukifutika hapa unafutika kote. Ikaomba kidole. Alinitazama.

"Weka," nikamwambia.

Akaweka.

Jioni ile, kabla jua halijazama, nilikaa na mama nikamwambia ukweli. Alilia kama binti alivyonieleza, mpaka majirani wakaja wakidhani kuna msiba mpya. Binti alienda kusimama barabarani akiwa amevaa sare yake ya shule, ingawa haikuwa siku ya shule, mpaka kilio kilipotulia. Nilimwita akaingia, akakaa kando ya bibi yake, na mama akampapasa kola, vifungo, sketi. Alikuwa anaisoma ile sare kwa vidole.

Nyumba ile tuliifunga. Nilipanga vyumba viwili Mikumi, nikawachukua wote, na binti akahamia shule ya huku. Miezi ya kwanza haikuwa rahisi. Kuna siku mama alijua kila kitu na kututajia hata nguo tuliyomzikia. Kuna siku alimwita yule mtoto kwa jina la mama yake, naye akajibu, "Ni mimi bibi, mjukuu wako," kisha tukakaa kusubiri kama atalia au hatalia. Wakati mwingine nilimkuta binti ameshika mdomo kwa mkono, kana kwamba ile sauti nyingine ingetoka.

Kutoka kile chumba cha mtandaoni, mzee Jembe alinitafuta baada ya muda. Alikuwa amepasuliwa, amepona, ana kovu analosema linawasha wakati wa mvua. Hakuwa na hasira. Alisema tu kwamba alipojua aliyekuwa akimhimiza ni mtoto, alikaa siku nzima hawezi kula kwa aibu, na siku ya pili akapanda kitanda cha wagonjwa akaenda kupasuliwa. Aliniomba nisimtajie binti kwamba aliona aibu. Sikumtajia.

Mwaka jana tulimpeleka mama Morogoro kutolewa mtoto wa jicho. Daktari alisema ukungu mwingi wa kumbukumbu za wazee huchangiwa na kutoona, na nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Asubuhi ya kufunguliwa bandeji tulikuwa wote wawili kando ya kitanda, binti upande wa kulia, mimi kushoto. Muuguzi alibandua ile pamba polepole, akamfuta, akamwambia afumbue.

Mama alifumbua. Alinitazama mimi kwanza, akasema, "Kumbe umezeeka hivi." Tukacheka wote, hata muuguzi. Akamgeukia binti, akamwangalia sana, uso, shingo, mikono, akamshika kidevu akakizungusha kwenye mwanga. Akamtaja kwa jina lake mwenyewe, sawasawa, bila kukosea. Binti akaitika.

Kisha mama aliyatoa macho kwetu, akayapeleka mlangoni. Hapakuwa na mtu. Aliutazama mlango ule kwa muda, kwa utulivu, kama unavyomsubiri aliyebaki nyuma kufunga viatu. Tabasamu dogo likamjia, akainamisha kichwa mara moja, kama anayeitikia salamu.

Halafu akasema ana njaa, akaomba uji.